Wimbo Usio na Mwenyewe

Enyi tuliokulia pamoja mtaani Nechells, huku Uingereza, miaka ile ya elfu mbili, mnazikumbuka Jumapili zetu? Kanisa mpaka saa nane, matako yamekufa ganzi, kisha nyumbani ugali wa fufu na sombe, yaani kisamvu cha samaki, madirisha yamefungwa harufu ya samaki isimkere jirani. Tuliruka kamba uani tukiimba. Watoto wa leo kila mmoja kaziba masikio na wimbo wake. Mwambie aimbe, atakutazama utadhani umemwomba figo.

Papa alikuwa na gitaa. Kazi yake ilikuwa kupanga maboksi ghalani, lakini jioni alitunga nyimbo. Mmoja alimtungia mama yake aliyebaki Bukavu, na hamu yake ilikuwa auimbe mbele ya watu, ajulikane kuwa ni mwanamuziki. Mwenzake wa kazini akamwambia kuna klabu ya nyimbo za kienyeji ghorofani, juu ya baa, Jumapili alasiri. Haya, twende!

Yesu wangu, kimya kile! Mzee mwenye ndevu aliimba juu ya mabaharia waliozama, macho kafumba, kidole sikioni, labda hakutaka kujisikia. Kwetu mwimbaji akikugusa moyo unamtuza. Mama akainuka anacheza, akambandika mzee wa watu noti ya pauni tano kwenye paji la uso. Niliona aibu, jamani! Mzee akaendelea kuzamisha mabaharia wake, noti imeng'ang'ania jasho.

Ikafika zamu ya Papa. Ukumbi mzima ukaitikia kiitikio, Kiswahili kimevunjikavunjika, nikajua tumeshinda. Kisha mwenye klabu, mama mpole, akauliza nani kautunga. Papa akajipiga kifua: "Mimi!" Yule mama akasikitika kweli. Wimbo mzuri, akasema, ila hapa tunaimba za kurithi, zisizo na mtunzi anayejulikana. Siku nyingine alete za jadi, labda na ngoma. Papa hajapiga ngoma maishani mwake.

Kwenye basi Mama alifoka kwa Kiswahili chetu cha Kongo: "Ati mwenye wimbo afe kwanza, njo ikuwe ya batu?" Papa alicheka mpaka akatoa machozi. Hakurudi tena pale.

Tulimzika miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo situlii; nikikaa nasimama, nikilala naamka. Mwezi uliopita nikamchukua Mama tukaenda klabu ile. Kijana mmoja akashika gitaa, akatangaza: "Wimbo wa jadi kutoka Kongo. Mtunzi hajulikani."

Ulikuwa wa Papa. Kumbe uliendelea kuimbwa pale, watu wote wanaujua! Hasira na furaha zikanigombania. Mama akatoa noti, akainuka, akacheza polepole hadi mbele. Akambandika kijana kwenye paji la uso, akangoja amalize, ndipo akasema kwa Kiingereza chake: "Mtunzi anajulikana. Ni mume wangu." Akalitaja jina lote, la ubatizo na la kwao.

Wakapiga makofi, wengine wakalia. Sasa wimbo umepata kwao, na mimi bado situlii. Ningepewa kuchagua, ningerudi kwenye basi lile: wimbo umekataliwa, na mwenyewe yupo, anacheka.