Kipaza Sauti Kilichogeuziwa Meza Kuu

Leo tumezindua kipaza sauti cha kutangaza hatari, na waliokisikia ni wale wasio hatarini kabisa!

Wasomaji wa gazeti letu la ukutani, mnaujua mnara wa ofisi ya kijiji, wa kutangaza moto wa porini. Kipaza sauti chake kilikufa tangu masika.

Leo fundi kutoka Kibaha alifunga kipya, akakielekeza bondeni kwenye mashamba.

"Hapana, ndugu fundi," Mwenyekiti akasema. "Kigeuzie meza kuu. Mgeni rasmi atasikiaje?"

Mgeni rasmi mwenyewe alikuwa ameketi chini ya mnara! Fundi akakigeuza.

Nikanyoosha mkono, kama tulivyofundishwa shuleni.

"Shikamoo, Mzee Mwenyekiti. Bibi yangu analima bondeni peke yake. Moto ukitokea, atasikia?"

"Marahaba. Mtoto, chombo cha serikali kinasikika popote."

Watu wakapiga makofi. Kwa lipi, sijui.

Mwenyekiti akajaribu: "Moto! Moto bondeni!"

Mgeni rasmi akaziba masikio, soda ikammwagikia. Kutoka bondeni hakuja mtu hata mmoja.

"Mnaona wanavyopuuza maendeleo?" Mwenyekiti akalalamika.

Hotuba zikaendelea mpaka bibi akarudi, jembe begani.

"Fundi bado hajafika?" akauliza.



Fundi akachukua spana, akaiendea ngazi.

"Acha! Mgeni hajaondoka!" Mwenyekiti akafoka.

Nikaishika ngazi kwa mikono miwili, fundi akapanda.

Je, ungekuwa wewe, ungeiachia? Andika jibu lako hapa chini kwa penseli.