Samaki wa Mkwe

Mama mkwe wangu alikuja kwetu Temeke kumlea binti yake, aliyekuwa amejifungua mtoto wetu wa kwanza. Alitoka upande wa Lindi, siku mbili njiani, na kapu la mihogo mikavu na kuku mmoja mzima mapajani. Alitakiwa akae siku arobaini: amkande mwanawe kwa maji ya moto, ampikie uji wa pilipili manga, amwogeshe mtoto. Kabla hata nusu ya siku hizo haijafika, nilimwita mwizi. Neno lenyewe sikulitamka, na kwa miaka mingi nimejitetea kwa hilo, lakini nilimwita.

Sebuleni nilikuwa na tangi la kioo, refu kama benchi la shule. Aliniachia mtaalamu mmoja wa kigeni wa ofisini kwetu, nilikokuwa karani, mkataba wake ulipokwisha. Ndani nilitia mchanga wa bahari, mawe ya matumbawe na samaki wadogo wa mwambani, na pampu ya umeme ikipuliza hewa kutwa kucha. Mvuvi mmoja wa Kimbiji, aliyekuja mjini na lori la nazi kila baada ya wiki mbili, ndiye aliyeniletea maji ya bahari kwenye madumu. Ilikuwa miaka ya Ujamaa, watu wanapanga foleni ya unga na sukari, na balozi wetu wa nyumba kumi alipenda kunitania kwamba mie ndiye bepari pekee aliyebaki mtaani. Nilijidai kukasirika, kumbe moyoni nafurahi. Watu walikuja kwangu kutazama samaki, nami nikisimama kando kuwaeleza kama mwalimu.

Mama mkwe alipoliona tangi mara ya kwanza alisimama kitambo, kisha akamnong'oneza mwanawe. Mke wangu akaniambia huku anacheka: mama anauliza, hawa mtawapika lini. Nilicheka pia, lakini neno lile nililiweka kiporo.

Kwetu sisi watu wa kusini, mkwe na mama mkwe hawazungumzi ovyo. Asubuhi nilimwamkia shikamoo nikiwa mlangoni, naye akaitikia marahaba huku anavuta kanga usoni, basi. Jambo lolote baina yetu lilipitia kwa mke wangu. Wote wawili tuliupenda utaratibu huo, maana ulitupumzisha.

Jumatano moja mvuvi akaniletea samaki mpya. Alikuwa mdogo kama kidole cha kati, kijani, na mstari mwekundu ubavuni. Katika wote niliowahi kuwa nao, sijaona mzuri kama yule. Mvuvi alianza kunieleza tabia zake, kwamba huyu akiwa mgeni huwa ana mambo yake, nikamkata kauli. Nilimwambia samaki nawajua. Nikammimina tangini na kwenda zangu kazini.

Niliporudi jioni hayumo. Nilitazama nyuma ya kila jiwe, nikatazama sakafuni na chini ya kabati. Hakuna. Na nyumba ilikuwa ikinukia samaki wa kukaanga. Tulikuwa na siku nne tunakula mchicha, halafu kwenye sahani ya mke wangu naona miiba, tena miiba midogo. Alisema jirani ndiye aliyeleta samaki wawili kwa ajili ya mzazi. Nikamwambia sawa, wala sikuamini. Mimi nina hasira za karibu, ninazo hadi leo, na ubaya wa hasira zangu ni kwamba hujifanya busara.

Nilikaa siku mbili nikiipika busara hiyo. Kumuuliza mama mkwe mwenyewe ni utovu wa adabu. Kumuuliza mke wangu zaidi haifai, mzazi haudhiwi. Basi anayefaa ni mtu mzima wa nje, mwenye heshima yake. Nikaenda kwa balozi. Yeye ndiye aliyemwandika mama kwenye daftari lake la wageni alipofika, kwa hiyo hata hilo nililiona kama limekaa sawa. Nilimwomba amuulize kwa upole tu. Naapa, wakati ule nilidhani ninamstahi.

Lakini balozi haulizi kwa upole. Balozi husikiliza shauri. Jumamosi asubuhi alikuja na wazee wawili wa kushuhudia, wakaketi kwenye benchi barazani kwangu. Na mtaani kwetu balozi akiketi barazani kwa mtu, watu husogea. Wanawake waliokuwa bombani wakatua ndoo zao.

Mama mkwe aliitwa. Alitoka na mikono yenye povu, alikuwa akimwogesha mtoto. Mimi nilikuwa ndani nyuma ya pazia, kwa kuwa haikuwa adabu nionekane, na nilipochungulia niliona miguu yake tu na upindo wa kanga uliolowa. Balozi akamweleza kwa sauti ya mkutano kwamba samaki wa kufuga wa mkwewe haonekani, na mkwewe anaomba kujua kama yeye, kwa ugeni wake, labda alimpika.

Mtoto akawa analia ndani.

"Kama mkwe wangu amesema nimekula, basi nimekula," alisema. "Nilidhani ni mboga. Aniwie radhi."

Watu wakacheka, si kwa ubaya. Balozi akatamka kwamba yamekwisha, akanywa maji, akaondoka na wazee wake. Na mimi nyuma ya pazia nilijisikia mshindi. Hilo ndilo linaloniuma kulisema kuliko yote: nilisimama pale nikajipongeza kwamba nilijua tu.

Tangu mchana ule bombani walimwita Bibi Samaki. Nililisikia jina hilo nikipita na baiskeli. Sikusimama.

Jumanne iliyofuata tuliruhusiwa mapema kazini. Mvua ilikuwa imenyesha, viatu vimejaa tope, nikavivua nje na kuingia pekupeku. Samaki wangu alikuwa katikati ya tangi, kijani na mstari wake mwekundu, anadonoa jiwe. Niliposogea alitumbukiza kichwa mchangani, akajizika mzima, na mchanga ukatulia kana kwamba hapajapita kitu.

Mke wangu alikuwa mkekani ananyonyesha. Hakuinua uso.

"Mama alimwona tangu Ijumaa," alisema. "Kaniambia jana. Huwa anatoka ukiwa kazini, akisikia vishindo vya viatu vyako anajifukia."

Ijumaa. Siku moja kabla ya balozi. Nilimuuliza kwa nini basi mama hakusema pale barazani.

"Amwambie balozi kwamba mkwewe muongo? Mbele ya watu wote wale?"

Mama mkwe alikuwa uani, anafua nepi. Nilimsikia akizikamua. Nilijua kabisa linalonipasa: nimrudishe balozi, wazee wake wawili, benchi lile lile na wanawake wa bombani, nitoke nyuma ya pazia na kusema mbele yao kwamba nilimsingizia. Nilijua siku ile ile, saa ile ile. Badala yake nilikwenda dukani nikatafuta doti ya kanga, nikampa mke wangu ampelekee, na maneno ya kuomba radhi nikamnong'oneza yeye ayafikishe. Nilijiambia hiyo ndiyo adabu. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo: mama ameshukuru, yamekwisha.

Alizikamilisha siku zake arobaini. Hakupunguza hata moja, wala uji haukupungua pilipili manga. Samaki aliishi miezi michache, na alipokufa nilimzika nyuma ya choo bila kumwambia mtu.

Mama mkwe alikuja tena kwetu mara tatu, kila mtoto alipozaliwa, na kila alipokuja alilikuta lile jina bombani linamngoja. Mara ya mwisho alikuwa ameshazeeka, na mke wangu akampikia changu wa nazi, chakula alichokulia huko kwao pwani. Nilikuwa chumba cha pili, mlango wazi, nikamsikia akilisogeza bakuli.

"Mie hapana, mwanangu. Nipe maharage, kama siku zote. Huyo mpelekee mkwe."

Mke wangu akaniletea bakuli, akaliweka mbele yangu. Ndipo nilipojua kwamba miaka yote ile, chini ya paa langu, hakuwa ameonja samaki. Balozi alikuwa bado mzima, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na jioni ile alikuwa ameketi nje. Nilimwona kupitia dirishani, nikanawa mikono, nikala.