Sponji Iliyong'arishwa

Mama mkwe wangu hajui kukaa bila kazi. Siku aliyoshuka kutoka Kilema kuja kwetu Njoro, alisubiri niondoke kwenda dukani kwangu, akafungua tangi la samaki la binti yangu, akatoa sponji ya chujio na mawe yote, akavisugua kwa maji ya bomba mpaka vikang'aa. Kwao, mgeni akikuta uchafu akauacha, ni kama hajaipenda nyumba. Niliporudi, mjinga mimi, nikamsifu.

Alhamisi asubuhi, siku ya tatu, samaki wote watatu walikuwa juu ya maji wakitweta. Binti yangu alikuwa anarudi Jumamosi kutoka shule ya bweni kule Mkuu. Yule samaki mkubwa alimlea tangu akiwa darasa la nne, na siku ya kuondoka aliniambia, "Mama, nakuachia huyu." Nikadondosha matone ya kipimo kwenye kichupa cha maji. Badala ya kubaki njano, yakawa kijani kibichi. Amonia.

Nilimpigia muuza samaki wa mjini, simu nikaiweka sauti ya juu ili mikono ibaki huru. Akauliza kama sponji imeoshwa. Akanieleza kwamba ule utelezi wake ulikuwa na uhai, ndio uliokuwa ukila amonia, sumu ya kinyesi cha samaki, na klorini ya bomba imeuua. Nibadilishe nusu ya maji asubuhi na jioni, na kila mara nitie dawa ya maji, maana inaondoa klorini na kuifunga amonia isidhuru kwa siku moja hivi. Nikainua chupa ya dawa. Ilibaki ya mara moja tu.

Nikaitia yote. Mama mkwe, aliyekuwa nyuma yangu muda wote, akauliza kama anibebee ndoo. Hasira ikanipanda.

"Mama, umeshasaidia vya kutosha."

Nilijua nimekosa, lakini sikuomba radhi. Nikaendelea kubadilisha maji huku samaki mdogo akilala ubavu. Saa nne alikuwa amekufa. Nilipogeuka, mama mkwe hayupo, na kanga yake haipo kwenye kiti. Nikaanza kutafuta maneno ya kumwambia mume wangu, kwamba nimemfukuza mama yake kwa ajili ya samaki.

Alirudi saa saba, viatu vimejaa vumbi. Alikuwa ameuliza duka kwa duka mpaka akampata yule muuza samaki. Mkononi alikuwa na chupa mpya ya dawa, na kifuani amekumbatia kopo lenye mfuniko. Ndani yake kulikuwa na kipande cha sponji cheusi, chenye utelezi, kimekatwa kutoka kwenye tangi la muuzaji mwenyewe.

"Nimeleta uchafu," alisema. "Sijauosha."

Nikamwambia anisamehe. Akasema niitumbukize kwanza sponji, isije ikakauka.

Jumamosi binti yangu alimwamkia bibi yake shikamoo, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Yule mkubwa alikuwa anaogelea. Akahesabu, akahesabu tena, akageuka.

"Yule mdogo nimemuua mimi," mama mkwe alisema kabla sijafungua mdomo. "Niliosha."

"Na mimi nilimsifu," nikasema.

Mama mkwe akasogea kidogo kwenye kochi, akaniachia nafasi ya kukaa.