Ameshachanjwa

Redio ikitangaza "wapelekeni watoto wakachanjwe", mimi huinuka nikaizima. Wajukuu wangu hapa Ilomba hucheka, eti bibi ana ugomvi na redio. Wacha wacheke. Ugomvi wangu ni na neno moja tu, na hilo neno nimelitamka mimi mara nyingi kuliko mtangazaji yeyote.

Katikati ya miaka ya sabini nilikuwa msichana mwembamba mwenye mdomo na haraka nyingi. Nilitoka kwetu Iringa nikasomea uuguzi msaidizi, nikapangiwa zahanati moja jirani na Igawa. Kazi ya kuchanja watoto nchi nzima ndiyo kwanza ilikuwa inashika kasi. Nilikabidhiwa jokofu la mafuta ya taa, nikalipenda kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu. Utambi wake ukianza kutoa moshi nilikuwa radhi kuacha ugali mezani. Siku za safari nilitoa chupa za dawa, nikazipanga kwenye kasha lenye barafu, tukaondoka na dereva kwa Landrova iliyokuwa inaingiza vumbi kiangazi na tope masika.

Dawa ya surua ilikuja ikiwa unga. Ukishauchanganya na maji yake, chupa moja inatosha watoto kumi, na lazima iishe siku hiyohiyo. Ikibaki, unamwaga. Na chupa zenyewe zilikuwa za kuomba na kubembeleza. Kwa hiyo tulikuwa na sheria ambayo haikuandikwa popote, lakini wote tuliijua kama sala: usifungue chupa kwa mtoto mmoja.

Siku ninayoisema tulikuwa upande wa Ubaruku, kwenye darasa la shule ya kijiji ambalo lilikuwa bado halijatiwa milango. Nilikuwa nimechoma sindano tangu asubuhi. Mgongo uliniuma, watoto walilia kwa zamu na mara nyingine wote kwa pamoja, na huko milimani mvua ilikuwa imeshaanza. Chupa niliyokuwa nayo mkononi ikaisha. Ndani ya kasha ilibaki moja, nzima, na nilishaipangia kijiji cha kesho yake. Dereva akapiga honi, akapaza sauti, "Nesi, mto ukijaa tutalala huku, shauri yako!" Ndipo akaingia mama mmoja, tope mpaka magotini, na mtoto wa kike mgongoni.

Alikuwa wa zile familia za wafugaji zilizoshuka na ng'ombe wao kutoka kaskazini, zikaja kukaa mbuga ya Usangu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na changu nacho kilikuwa na Kihehe kingi ndani. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na kitu hivi, mnene, mashavu yamejaa. Alinyoosha mkono akaikamata kalamu yangu, akakataa katakata kuiachia.

Nikamwuliza mama, "Huyu ameshachanjwa?"

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Niliuliza hivyo nikitaka aseme ndiyo. Nilikuwa nimechoka, honi inalia, na chupa ni moja. Ningeweza kuuliza "amechomwa sindano?" Ningeweza kuuliza na nani, wapi, lini. Sikuuliza.

"Ameshachanjwa," akasema, tena kwa fahari, na akaanza kufungua mbeleko ili anionyeshe.

"Basi, basi, usimvue, kuna upepo," nikamwambia. Nikaichomoa kalamu mkononi mwa mtoto, nikatoa kadi mpya ya kliniki, nikaandika: surua, amechanjwa kwingine. Mama akaipokea kwa mikono miwili na kushukuru. Jamani, mtu ametembea tangu alfajiri, anapewa karatasi, na bado anashukuru! Nikapanda gari. Mto tuliuwahi, na njia nzima dereva alinisifu kwa kufanya haraka.

Hazikupita wiki nyingi, surua ikaingia mbugani. Zahanati ikajaa mpaka barazani. Yule mama alikuja kwa miguu, na kabla hajasema neno alinipa kadi. Nikausoma mwandiko wangu mwenyewe. Kisha nikasema, kwa sauti ya kujiamini ambayo naisikia mpaka leo, "Huyu hawezi kuwa na surua. Huyu amechanjwa."

Mtoto alikuwa anakohoa kikohozi kikavu. Macho yalikuwa yamegandana kwa tongotongo, mdomo umejaa vidonda. Nikamvua nguo, jambo ambalo nilipaswa kulifanya siku ile ya kwanza. Vipele vilikuwa mwili mzima. Na kifuani na mgongoni, chini ya vipele hivyo, niliona mistari midogo midogo, miwili miwili, iliyopona zamani, na weusi wa dawa umebaki ndani ya ngozi. Zilikuwa chale.

"Nani alimchanja?" nikauliza.

"Babu yake," akasema. "Kwa wembe. Alipozaliwa. Ili mabaya yasimpate."

Loo. Mama hakusema uongo hata kidogo. Kuchanja ni kukata: tunachanja kuni, tunachanja ngozi. Neno lile lilikuwa la wembe kabla halijawa la sindano, na sisi wa serikali tuliliazima tukasahau kwamba lina wenyewe. Nilimwuliza swali la kwao, naye akanijibu jibu la kwao, jibu sahihi kabisa.

Mtoto yule alikaa nasi siku mbili. Nilimpa kila kilichokuwemo kabatini. Nilimchoma penisilini, nikamnywesha maji kwa kijiko, nikamfuta macho kwa pamba mpaka akayafungua kidogo akanitazama. Siku ya pili, mchana, wakati mama anamnyonyesha, aliacha kunyonya. Mama aliendelea kumshikia ziwa, akimwambia maneno ya kwao polepole, muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nimesimama pale na bakuli mkononi.

Na ile chupa niliyoitunza? Kesho yake, kule kijijini, walikuja watoto sita tu. Dawa iliyobaki, ya watoto wanne, niliimwaga mchangani.

Nilitakiwa kuandika taarifa. Mkubwa wetu wa kazi, mama mmoja wa Mbeya aliyekuwa mkali lakini wa haki, aliuliza swali moja tu: mtoto mwenye kadi ya surua amekufaje kwa surua? Nilikuwa na siku nzima ya kulijibu. Nilianza kuandika ukweli, nikachana karatasi. Nikaanza tena, nikachana. Mwisho nikaandika: "Mama alitoa maelezo yasiyo sahihi." Maneno matano. Nikatia sahihi yangu chini.

Wakubwa walisoma, wakasikitika, wakatoa agizo ambalo hata leo nalisifu. Mzazi asiulizwe kwa mdomo. Mtoto asiye na kadi yenye mhuri achomwe papo hapo. Na chupa ifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, dawa ikimwagika na imwagike. Agizo lilienda wilaya nzima, kisha likavuka mpaka wa wilaya. Nikaitwa Iringa kuwafundisha wenzangu wapya. "Usiulize, tazama," nikawaambia, nao wakaandika kwenye madaftari yao na kusema yule dada ana uzoefu. Sijui ni watoto wangapi waliopona kwa agizo lile, nami nashukuru walipona. Lakini kila niliposimama mbele ya darasa, nilimwona yule mtoto amekaa dawati la nyuma, kimya, ameshika kalamu yangu. Nilikuwa nafundisha huku nakwepa kutazama upande ule. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Ningeanza na mtoto, ingenibidi nimalizie na taarifa.

Miaka ya sabini ilipokuwa inakwisha nilirudishwa Usangu, safari hii nikiwa msimamizi, na wanafunzi watatu nyuma yangu. Tukafungua kliniki asubuhi, kuna kabaridi na upepo. Mtu wa kwanza kwenye foleni alikuwa yule mama. Nilimtambua mara moja, nikatamani ardhi inimeze. Siku nyingi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi yake. Nilikuwa hata nimeyachagua, na nilijua kila tusi lingenistahili.

Alikuwa na mtoto mchanga wa miezi kadhaa, na alikuwa ameshamvua nguo zote kabla ya kufika mezani. Katoto kanatetemeka. Akamgeuza mbele, akamgeuza nyuma, nione ngozi isiyo na alama.

"Nesi," akasema, na Kiswahili chake sasa kilikuwa kimenyooka, "huyu hajachanjwa, si kwa wembe, si kwa sindano. Babu yake nilimkatalia. Tazama mwenyewe. Yule wa kwanza nilikujibu vibaya, ndiyo maana akafa. Nilikaa nikafikiri nikajua ni mdomo wangu. Leo nimekuja kukujibu sawasawa."

Hakuna aliyemsomea taarifa yangu. Alijihukumu peke yake, huko mbugani, kwa miaka yote ile, na hukumu yake ilikuwa neno kwa neno ile niliyoiandika mimi. Nilifungua mdomo. Nilikuwa nayo tayari mdomoni, sentensi yenyewe: mama, ulijibu sawa, aliyekosa ni mimi. Wanafunzi wangu watatu walikuwa wananitazama, madaftari wazi.

"Vizuri, mama," nikamwambia. "Leo umejibu vizuri."