Kompyuta Iliyokataa Kuamka Kiirua

Karwirwa alikuwa mwandishi wa programu aliyefanyia kazi nyumbani kwake Kaaga, lakini kompyuta iliyomsumbua kuliko zote ilikuwa Kiirua, kwenye kituo cha ushirika wa wafugaji. Ilitumia umeme wa sola, kwa hivyo ililazwa kila maziwa yakishapimwa. Mara nyingine haikuamka tena mpaka izimwe kwa nguvu, wakulima wakiwa foleni na mitungi yao.

"Kulala inalala vizuri, madam," Muthamia, karani wa kituo, alimwambia alipofika kuikagua. "Kuamka ndio shida."

Kompyuta ilikuwa na prosesa nne, akili zinazoifanyia kazi zake. Karwirwa alizima tatu, akaiacha na moja: ikalala na kuamka asubuhi nzima. Akazirudisha zote, ikakwama. Basi betri ya sola haikuwa na hatia. Shida ilikuwa ndani ya kernel, moyo wa mfumo, pale prosesa zinapofungwa moja moja kabla ya usingizi.

Akaongeza mistari ya kutoa ujumbe kila hatua, aone inakwama wapi. Kosa likatoweka.

"Imepona!" Muthamia alifurahi.

"Sijaitibu."

"Si inafanya kazi? Iache hivyo."

Alitamani kuiacha. Hakuna ambaye angemlaumu. Lakini alijua zile jumbe ziliichelewesha prosesa kidogo tu, na kuchelewa huko ndiko kulikoficha kosa. Alipoziondoa, likarudi. Muthamia akarudi kwenye foleni amekunja uso.

Akatafuta njia isiyochelewesha chochote: alama ndogo zinazobaki kwenye mashine hata ikizimwa. Ndipo alipoona. Prosesa moja ilifungwa ikiwa bado na kazi ya mizani ya maziwa iliyounganishwa na kompyuta, na wenzake wakaendelea kuisubiri imalize. Akarekebisha programu ya mizani iliyo ndani ya kernel, kazi iishe kwanza ndipo prosesa ifungwe.

Aliyatuma marekebisho kwa watunzaji wa kernel, watu wasiomjua. Mmoja akamjibu kwamba amesahau hali ya usingizi unaokatizwa njiani, kompyuta ikiamshwa kabla haijalala kabisa. Ilimuuma, kisha akaona ni kweli. Akaandika upya, yakapokelewa.

Alirudi Kiirua kuyaweka, akamweleza Muthamia yote.

"Kwa hivyo zilikuwa zinangoja mwenzao ambaye ameshalala?"

"Ndiyo. Na hakukuwa na wa kuziambia."

 Muthamia akamsogezea kiti, akammiminia chai, wakakaa wakitazama skrini ikizimika na kuwaka.