Sola ya Dungu Ilininyima Kumzika Mama

Nina makosa, na sitafuti wa kunitetea. Jina langu nalificha, na la jirani yangu nimelibadili, kwa sababu mdogo wangu anasoma gazeti hili, na mpaka leo sijapata ujasiri wa kumtazama usoni nikamwambia.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, maduka ya Kibiti yakajaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu. Mimi na mume wangu tulikuwa na shamba la mpunga ndani ya delta. Kila msimu tulihamia dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, kulinda mpunga na ndege na nguruwe. Msimu mzima kwa kibatari! Mwaka huo tukasema tununue sola.

Muuzaji alituwekea mbili. Moja ndogo, ya kukunja, unaitia kikapuni. Akasema wazungu wanaolala mahemani porini hununua hiyo hiyo. Ya pili kubwa, ya kioo, fremu yake inang'aa.

"Tuchukue ndogo," mume wangu akasema. "Dungu si nyumba, mama watoto. Ile ni kambi. Ukiondoka, unaondoka nayo."

"Hiyo si kioo cha kunyolea ndevu?" nikamcheka mbele za watu. "Mie nataka ile!"

Kusema kweli sikuwa nikiwaza mwanga. Niliwaza wenye madungu ya jirani, wote waione. Jamani, kiburi!

Ilibebwa na watu wawili hadi mtumbwini, na fundi akaikaza kwa nati juu ya dungu. Tukapata taa, redio, na wageni kila jioni. Tukapata na wasiwasi pia, maana wezi wa sola walishaanza kupitapita mitoni. Hatukuweza tena kutoka wote wawili. Mpunga unaliwa na ndege, mimi macho kwenye sola!

Siku moja mume wangu alikwenda Kibiti kutafuta maji ya betri. Asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, akapita jirani yetu Shomari akikokota mtumbwi wake kwenye tope, anatoka Mbwera, kijijini kwa mama, anakwenda Kiongoroni.

"Dada, hali ya mama si nzuri," akasema. "Mdogo wako anakuita. Maji yakijaa tu, ondoka."

Maji yakajaa. Niliyaona yakiunyanyua mtumbwi wangu pale ulipofungwa.

Nikapanda juu, nikaivuta ile sola kwa mikono miwili. Wapi! Haikutikisika. Nikashuka. Nikafunga nguo kwenye kanga, nikazifungua. Nikaenda mtumbwini, nikarudi. Nikajiambia mama huugua kila masika na hupona. Nikajiambia nikiiacha ikaibiwa nitachekwa mto mzima. Basi nitakwenda kesho, mume wangu akisharudi. Maji yakaanza kushuka nami nimekaa vilevile.

Kesho yake nilipofika Mbwera nilikuta majamvi yametandikwa nje. Mama walikwishamzika.

Mdogo wangu alinikumbatia kabla sijafungua mdomo.

"Pole dada. Najua, maji yalikuzuia. Mama aliuliza uko wapi, kisha akajijibu mwenyewe. Akasema, 'Mwacheni, atakuja maji yakijaa.' Kila aliyebisha hodi, mama alidhani ni weye."

Nikasema, "Ndiyo. Maji."

Ee Mola wangu! Neno hilo limenikaa kooni. Kila tukisoma hitima mdogo wangu huwasimulia watu jinsi dada yake alivyozuiliwa na maji, nao wananiita maskini, nami nainamisha kichwa. Nikikaa nasimama, nikisimama nakaa. Hata mume wangu hajui kwamba Shomari alinikuta mapema. Nilimwambia aiuze sola, akaiuza, hakuuliza kwa nini.

Ndugu zangu mnaokwenda kupiga kambi, iwe shambani, uvuvini au kwenye mikoko, msinunue kwa macho ya jirani! Nunua kitu unachoweza kukinyanyua peke yako siku ukiitwa. Na kama umeshanunua kikubwa kama mimi, kiache kiibiwe, uende. Mwizi angechukua sola tu. Kibiti zilikuwepo nyingine tele.