Miaka Minne ya Kungoja Tiketi ya Ndege Ishuke Bei

Baba alikufa Jumanne saa tatu asubuhi. Saa nne na robo simu yake ikalia ndani ya koti lake, na koti lilikuwa mikononi mwangu.

Nilidhani ni mtu wa ukoo amesikia habari.

Hakuwa mtu. Ulikuwa ujumbe: tiketi za Nairobi kwenda Edmonton, watu wanne, bei imeshuka.

Tulikuwa kwa korido ya hospitali hapa Kitengela, mimi, Mama na ndugu yangu Mugo. Daktari alikuwa ametoka tu kutuambia. Mugo akauliza nani amepiga. Nikamwonyesha.

"Amengoja hiyo miaka minne," akasema, akanirudishia simu.

Mama akauliza imeshuka mpaka ngapi. Nikamtajia. Akatikisa kichwa polepole, kama mtu ametajiwa bei ya nyanya na hana haja na nyanya.

Naandika haya nisije nikasahau, kwa sababu watu wameanza kumkumbuka Baba vile hakuwa. Siku ya mazishi mchungaji alisema marehemu alikuwa na mkono wazi. Sisi watoto tuliangalia viatu vyetu. Baba, Mwalimu Hiram, alifundisha jiografia miaka thelathini na alikuwa bahili wa kupimwa na rula.

Dada yetu Shiro yuko Kanada, anafanya kazi ya kutunza wazee. Makaratasi yake hayajakamilika. Akitoka, harudi. Huko amezaa wavulana wawili, na kwetu mvulana wa pili huitwa jina la baba ya mama yake.

Kwa hivyo kuna Hiram mwingine Edmonton. Ako na miaka minne. Baba alikuwa anamjua kwa simu tu.

Viza tulipata sisi wote wanne, jambo ambalo hata majirani walilichukulia kama muujiza. Kilichobaki ni tiketi. Baba akatoa sheria moja: tunaenda wote ama hatuendi. Halafu akaanza kutafuta bei.

Ndugu zangu, kama hujaishi na mtu anayetafuta bei ya ndege, wewe hujui raha ya kulala.

Alisoma mahali kwamba tiketi huwa rahisi Jumanne. Basi Jumanne hakuna mtu aliruhusiwa kutumia intaneti ya nyumba mpaka saa sita. Akasoma tena kwamba kampuni za ndege hukutambua ukirudi kuuliza mara ya pili, na zinapandisha. Akawa anaulizia kwa simu ya Mama, kesho kwa ya Mugo, keshokutwa kwa ya mama wa mboga.

Alipata njia ya kupitia nchi tatu na kungoja kwa uwanja mmoja saa kumi na tisa. Mama akamuuliza watakuwa wanafanya nini saa hizo zote.

"Tutakuwa tumekaa," Baba akasema. "Kwani hapa huwa tunafanya nini?"

Mizigo nayo. Alinunua mzani wa kupimia mbuzi, akatundika sanduku zetu kwa mti wa uani. Ikionekana uzito umezidi, suluhisho lake lilikuwa kuvaa. Siku moja alitufanyisha mazoezi. Mugo alitembea mpaka kwa geti na makoti matatu, jua la Kitengela likiwaka, na jirani wetu Nasieku akauliza kwa upole kama kijana ameanza kuugua.

Lakini ya Loitokitok ndiyo kubwa.

Baba alikuwa na rafiki anaitwa Katoo, mzee wa kulima vitunguu Kimana, njia ya Loitokitok. Katoo alimwambia kwamba uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, upande wa Tanzania, wakati mwingine una bei nzuri kuliko Nairobi. Na ukiwa Loitokitok mpaka uko pale tu.

Mtu mwingine angesema asante. Baba alisema lazima njia ipimwe.

Tukaenda kuipima, familia nzima, na masanduku, kwa gari la kukodi. Baba alikaa mbele na saa na daftari. Tukisimama kukojoa, anaandika. Tulifika Kimana kwa Katoo tumechoka.

"Supa, Mwalimu," Katoo akamsalimia kwa Kimaasai. "Naona mnahama."

"Tunafanya majaribio," Baba akasema.

Katoo akaangalia masanduku, akaangalia Mama, akachinja mbuzi. Tukalala kwake. Kesho yake tukaenda mpaka kwa mpaka wenyewe, Baba akasimama mita chache kabla ya kizuizi, akaangalia saa, akaandika, akasema vizuri, turudi nyumbani.

Hatukuvuka. Kuvuka kungetaka chanjo ya homa ya manjano, na chanjo ya watu wanne Baba hangeilipia kwa sababu ya mazoezi.

Njiani kurudi Mama alisema neno moja tu. "Hiram, tumelipa gari siku mbili kuokoa pesa ya ndege hatujapanda."

Baba alifungua daftari. Alikuwa anapiga hesabu.

Hivyo ndivyo miaka ilienda. Kila bei ikishuka kidogo, alisema itashuka tena. Kila Jumapili yule mtoto alikuwa anamuuliza babu yake kwa simu, "Guka, unakuja lini?" na Baba anamwambia, "Karibuni, wakipunguza."

Mtoto akadhani Wakipunguza ni jina la mwezi, labda. Hakuwahi kuuliza zaidi.

Halafu ile Jumanne, kifua kikambana akiwa anakamua ng'ombe.

Kamati ya mazishi ilianza kukaa uani kwetu kila saa kumi jioni. Mwenyekiti alikuwa Gitonga, ndugu mdogo wa Baba, mtu mzuri ambaye akishika kalamu anakuwa serikali. Tuliongea juu ya jeneza, hema, chakula, na vile Shiro atatazama mazishi kwa simu. Mugo ndiye atamshikia simu juu, aone.

Siku ya tatu alikuja mwanamke hatukumfahamu. Akasema anaitwa Kathini, ako na ofisi ya kukata tiketi juu ya duka la dawa za mifugo, pale mjini. Alikuwa ameona picha ya Baba kwa tangazo. Alikuwa na bahasha, akampa Mama.

Ndani kulikuwa na tiketi mbili. Hiram na mke wake. Nairobi kwenda Edmonton, kituo kimoja tu njiani. Zilikuwa zimelipwa wiki tano nyuma, bei kamili, na safari ilikuwa imebaki wiki tatu.

Gitonga alizichukua akazisoma mara mbili, kama anayetafuta kosa.

Mama akamuuliza Kathini kama Baba alibishania bei.

"Alibisha, mama," Kathini akasema. "Aliuliza kama kiti cha katikati ni cha bei ya chini. Nilipomwambia zote ni sawa, akalipa. Akasema daktari amemwambia roho yake haiko sawa, na asingoje. Akaniomba nisiseme bei kwenu. Alisema mtamcheka."

Mugo aliondoka akaenda nyuma ya nyumba.

Sisi hatukuwa tumejua kuhusu huo ugonjwa wa moyo. Alikuwa anaenda kliniki akituambia anaenda kuuliza bei ya mbegu.

Gitonga akakohoa. Akauliza kama pesa inaweza kurudishwa. Kathini akasema ya marehemu itarudishwa, wakipata cheti cha kifo. Ya Mama itarudi nusu, akiamua kutosafiri.

"Basi zirudi zote," Gitonga akasema, akiandika. "Gharama ni nyingi. Na Mama Shiro hawezi kupanda ndege udongo haujakauka. Watu watasema nini? Tungoje mwaka uishe, tutafute bei nzuri, aende na watoto."

Wazee wawili wakaitikia. Ilisikika kama jambo la busara. Kila kitu Baba alikuwa amesema miaka minne kilisikika hivyo.

Mama alinyoosha mkono, akachukua tiketi yake kutoka kwa Gitonga.

"Gitonga," akasema, "nimemngoja kaka yako miaka minne apate bei. Kamati sitaingoja."

Gitonga akamwambia afikirie vizuri.

"Nimefikiria. Ya Hiram chukua, ulipe hema. Hii ni yangu."

Akaikunja, akaitia ndani ya leso, akaenda kuangalia kama chai imeiva.

Tulimzika Baba Jumamosi, kwa shamba letu upande wa Kajiado. Mugo alishika simu juu mpaka kaburi likafukiwa. Watu wengine wamenung'unika juu ya Mama kusafiri, na wataendelea kunung'unika, maana hiyo haina nauli.

Mnaosoma huwa mnataka funzo. Langu ni dogo. Kama kuna mtu unatakiwa kumwona, uliza bei mara moja, lalamika vizuri, halafu ulipe.

Mama anasafiri Alhamisi. Kiti cha Baba kimeshauzwa kwa mtu mwingine.